Steed na Bi. Peel: uanze na kipindi kipi?

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuonja tamthilia za kijasusi za Uingereza za zamani, namwambia atafute The Avengers, kisha namtahadharisha asianzie mwanzo. Mfululizo huu ulianza kurushwa Januari 1961 ukaisha 1969. Una vipindi 161, na waliouanzisha si wale wanaokumbukwa leo. Msimu wa kwanza karibu wote umepotea, vimebaki vipindi vichache vya kuhesabu kwa vidole. Wakati huo steringi alikuwa daktari aitwaye David Keel, akiigizwa na Ian Hendry, na John Steed wa Patrick Macnee alikuwa mtu wa pembeni tu, na koti lake la mvua. Hendry akaondoka, Steed akapanda cheo, akavaa suti za bei mbaya, akaanza kupewa wenzi wa kike. Wanaokumbukwa zaidi ni watatu: Honor Blackman kama Cathy Gale, Diana Rigg kama Emma Peel, na Linda Thorson kama Tara King.

Wewe nenda moja kwa moja msimu wa nne, wa 1965 hadi 1966. Ndio msimu wa kwanza wa Rigg na wa mwisho kwa picha nyeusi na nyeupe. Ndio pia wa kwanza kupigwa kwa filamu badala ya kurekodiwa kwa kamera za video ndani ya studio, kwa hiyo kwa mara ya kwanza watu hawa wanatoka nje, wanaendesha magari, wanapita vijijini. Mtandao wa televisheni wa Marekani uliununua na pesa ikaonekana kwenye picha. Vipindi vyake ni 26, kila kimoja dakika 50 hivi, na kila kimoja kinajitegemea. Huhitaji kujua yaliyotangulia wala kungoja yanayofuata.

Kabla hujamaliza bando, jambo moja kuhusu kutafuta mtandaoni. Usiandike jina la mfululizo peke yake, utaletewa Iron Man na kundi lake mpaka uchoke. Hata Waingereza iliwabidi wajihami: picha ya Marvel ya mwaka 2012 ilipoingia kwenye majumba yao ya sinema, iliitwa Avengers Assemble ili watu wasichanganyikiwe. Ongeza neno Steed, au Diana Rigg, utafika. Na ukikutana na picha ya 1998 ya Ralph Fiennes na Uma Thurman yenye jina hilohilo, ipite. Utasoma pia kwamba vipindi vilirushwa na ITV. Hiyo ni ITV ya Uingereza, si hii yetu ya Dar es Salaam. ITV yao ilikuwa muungano wa vituo vya mikoa, kila kituo na ratiba yake, ndiyo maana tarehe ya kipindi kimoja inaweza kutofautiana kwa siku moja mbili kutoka kitabu hadi kitabu.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya msimu huo kuna vipindi viwili ambavyo mashabiki hawaishi kuvibishania, nami naviona ndivyo milango miwili halali ya kuingilia: The Hour That Never Was, kilichorushwa Novemba 1965, na The House That Jack Built cha Machi 1966. Cha kwanza kiliandikwa na Roger Marshall na kuongozwa na Gerry O'Hara. Cha pili kiliandikwa na Brian Clemens, aliyekuwa kichwa cha mfululizo mzima kwa miaka hiyo, na kuongozwa na Don Leaver.

Navilinganisha hivi viwili kwa sababu vimejengwa juu ya wazo moja, mahali pasipo na watu, halafu vinaachana njia kabisa. Kimoja kiko nje, uwanja mpana, mchana kweupe. Kingine kiko ndani, milango imefungwa. Kimoja kinawaweka Steed na Bi. Peel pamoja kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kingine kinamtupa Bi. Peel peke yake.

Uwanja wa ndege

The Hour That Never Was kinaanza barabarani. Steed anaendesha gari lake la kizamani, Bi. Peel yuko pembeni, wanakwenda kwenye sherehe ya kufunga kambi ya jeshi la anga ambako Steed alihudumu wakati wa vita. Mbwa anakatiza, gari linakwepa, linagonga mti. Hawajaumia. Kambi iko karibu, wanaamua kumalizia kwa miguu.

Wanafika, hakuna mtu. Ukumbi wa maafisa umepambwa, kila kitu kiko tayari kwa shangwe, waalikwa hawapo. Hakuna mlinzi langoni, hakuna fundi kwenye hanga. Na hapa ndipo mwongozaji anapofanya jambo ambalo tamthilia za siku hizi zingeliogopa: anawaacha tu watembee. Wanapita katikati ya majengo matupu wakizungumza, Steed akikumbuka huyu alilala wapi na yule alifanya utundu gani, Bi. Peel akimchokoza taratibu, na kamera inawatazama kwa mbali, watu wawili wadogo kwenye lami isiyo na mwisho. Dakika nyingi za mwanzo zinaenda hivyo. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayepigwa risasi, lakini huthubutu kuinuka kwenda kuchukua maji.

Kilipigwa kwenye uwanja wa kweli, Bovingdon huko Hertfordshire, na unauona ukweli huo. Uwanja wa namna hiyo haujengeki studioni. Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Macnee mwenyewe alipigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la majini, kwenye boti ndogo za torpido. Alipochukua nafasi ya Steed hakutaka kubeba bastola. Alisema vitani alishaona ya kutosha. Kwa hiyo Steed akaachiwa mwavuli na ile kofia ngumu ya mviringo, na vyote viwili vilifichwa mambo ndani yake. Ukilijua hilo, yale maneno yake ya kizushizushi kuhusu wenzake wa zamani unayasikia tofauti. Anatania, lakini ni utani wa mtu aliyezika watu.

Mnamo katikati, wanamwona muuza maziwa akiuawa kwa mbali, na kuanzia hapo kichekesho kinaanza kuchacha. Wanatengana. Kisha kinatokea kitu ambacho sitakimwaga hapa, ila jina la kipindi linakidokeza: kuna saa moja iliyokuwapo na ambayo watu wengine wote wanaapa haikuwapo. Steed anabaki akijitazama kama ni yeye aliyechanganyikiwa au ni dunia.

Waigizaji wa pembeni ni wachache sana, na anayeng'aa kati yao ni Roy Kinnear kama Hickey, mzururaji anayeishi kwa mapipa ya taka ya kambi za jeshi. Ana maoni juu ya kambi ipi hutupa takataka bora, na anayatoa kwa uzito wa mjumbe wa bodi. Dakika zake ni chache, lakini ndizo zitakazokufanya urudie.

Mapigano ya mwisho yanafanyika kwenye chumba cha daktari wa meno, na gesi ile ya kuchekesha inafunguka katikati ya ngumi. Watu wanapigana huku wanacheka, wanashindwa kusimama, wanaanguka kwa kicheko. Ni upuuzi mtupu, na ni upuuzi uliofanywa na watu wanaojua kazi yao.

Kasoro ipo. Maelezo ya kilichokuwa kinaendelea, yanapokuja, hayafikii kiwango cha fumbo lenyewe. Ni sayansi ya kubuni ya haraka haraka, ya kufunga hesabu. Kama wewe ni mtazamaji anayetaka kila uzi ufike kwenye sindano yake, utaguna. Mimi siguni sana, maana sikuja kwa ajili ya maelezo.

Nyumba

The House That Jack Built kinaanza na ufunguo. Bi. Peel anaarifiwa na mwanasheria kwamba mjomba wake Jack amefariki na kumwachia nyumba mashambani. Mjomba huyo hamfahamu. Anapanda gari lake la Lotus, anakwenda kuiona. Huku nyuma Steed, anayesafisha picha, anagundua kwamba ufunguo ule ulipowekwa karibu na karatasi za picha umeziunguza. Ufunguo wa kawaida hauunguzi picha. Ni kidokezo kidogo na kimefikiriwa vizuri. Hakuna anayepiga kelele za hatari, ni mtu mmoja tu na picha zilizoharibika.

Nyumba kwa nje ni jumba la kizee la Kiingereza. Akishaingia, mlango alioingilia haupo tena. Anafungua mlango mwingine, anajikuta kwenye korido nyeupe. Anafuata korido, inamrudisha kwenye ukumbi wa mviringo alioutoka sasa hivi. Anajaribu njia nyingine, ukumbi uleule. Kuna mtambo unanguruma mahali fulani, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na baada ya robo saa unatamani ungenyamaza na unaogopa utakaponyamaza. Na hayuko peke yake humo: yumo pia mfungwa mtoro aliyetangulia kuingia, na nyumba imeshamaliza kazi yake kichwani mwake.

Nyeusi na nyeupe hapa si umaskini wa bajeti. Mapambo ya ndani yamechorwa kwa mistari na miduara inayolevya macho, mtindo uliokuwa umeshika London mwaka huo, na rangi ingeyaharibu. Misimu ya baadaye yenye rangi inapendeza, lakini hakuna hata kipindi kimoja ndani yake kinachobana kifua namna hii.

Kisha anafika kwenye chumba kilichopangwa kama maonyesho ya makumbusho, na maonyesho yenyewe ni yeye. Picha zake za utotoni, habari za familia, kampuni aliyoirithi. Maandishi yanamtaja kama hayati Emma Peel. Hapo ndipo mtazamaji anapojifunza mambo ambayo vipindi vingine havisemi: kwamba mwanamke huyu akiwa na miaka 21 alikuwa akiongoza kampuni ya baba yake, na kwamba alimfukuza mtaalamu mmoja, Profesa Keller, kwa sababu Keller alitaka mashine ishike nafasi ya binadamu. Nyumba hii ndiyo jibu la Keller. Haitaki kumuua kwa mkono wake. Inataka arukwe na akili, afanye kazi hiyo mwenyewe. Michael Goodliffe anamwigiza Keller kwa upole wa kutisha, na kuna jambo moja kumhusu ambalo nikilisema hapa utanichukia.

Rigg ndiye anayekibeba kipindi. Alitoka kwenye jukwaa la Royal Shakespeare Company, na hapa anapewa muda mrefu bila mtu wa kuzungumza naye. Kila kitu ni uso, hatua na pumzi. Unaona hofu inapanda. Unaona pia pale anapoamua kuisimamisha, anatulia, anaanza kuichambua nyumba kwa akili. Kwa mwaka 1966 mwanamke kwenye televisheni akishikwa mateka alikuwa akipiga kelele na kusubiri. Bi. Peel siyo: Steed anamjia mbio, lakini akifika kazi kubwa imekwisha. Ukizingatia kwamba nyuma ya kamera Rigg aligundua analipwa chini ya mpiga kamera, na akagoma mpaka wakampandishia, utajua ule ukavu wa sauti yake haukuwa wa kuigiza wote.

Wapi kimoja kinampita mwenzake

Kwa hofu, nyumba inashinda bila mjadala. Uwanja wa ndege unakutia wasiwasi, nyumba inakukaba. Kama unatazama usiku na wewe ni mtu wa kusikiasikia milango, anza na uwanja.

Kwa adui, nyumba tena. Keller ana sababu, na sababu yake haijazeeka. Mtu anayeamini mashine inaweza kumzidi binadamu, na yuko tayari kulithibitisha kwa kumvunja binadamu aliye bora kuliko wote anaowajua: kalamu ya 1966 iliandika hilo, na leo kila mtu ofisini anaongelea jambo hilo kwa jina jipya. Maadui wa uwanja wa ndege wana mpango tu.

Kwa mazungumzo ya Steed na Bi. Peel, uwanja wa ndege hauna mpinzani, na kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Watu hawakuupenda mfululizo huu miaka 60 kwa sababu ya njama. Waliupenda kwa sababu ya hawa wawili: mwanaume na mwanamke wanaoheshimiana, wanaochokozana, wanaoitana Steed na Bi. Peel hata wanapookoana maisha, na hakuna anayejua kama kuna kitu kati yao. Waandishi waligoma kusema. Kwenye nyumba unaukosa uhondo huo karibu wote, maana mmoja yuko ndani na mwingine yuko mbali. Ukianza na nyumba utapata picha ya kutisha iliyotengenezwa kwa ustadi, lakini ukimaliza hutajua kwa nini watu wanalia wakiwataja hawa wawili pamoja.

Kwa Kiingereza, uwanja una maneno mengi na mafumbo ya kijeshi ya enzi hizo, yatakutoroka kidogo. Manukuu yakiwapo, yawashe. Nyumba inaeleweka karibu bila maneno. Mtoto wa sekondari anaifuata bila taabu.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: anza na The Hour That Never Was, kisha siku ya pili The House That Jack Built. Geuza mpangilio kama wewe ni mtu wa picha za kutisha, au kama Bi. Peel ndiye aliyekuleta. Wapo wengi siku hizi wanaomjua Rigg kama bibi mwenye ulimi mkali, Olenna Tyrell wa Game of Thrones, na wanataka kuona alikuwaje ujanani. Hao waende nyumbani kwa Jack moja kwa moja. Watamtambua kwenye dakika tano za kwanza.

Wengine watakwambia uanze na The Cybernauts, chenye mtu wa chuma anayevunja milango kwa kiganja na Michael Gough kwenye kiti cha magurudumu. Ni kizuri, kinafurahisha watoto, lakini mtu wa chuma ndiye anayekula muda wote. Wengine watakutajia A Touch of Brimstone kwa sauti ya chini, kwa sababu ya vazi la Bi. Peel, nyoka, na Peter Wyngarde aliyekuwa anafaidi kila sentensi. Mtandao wa Marekani ulikataa kukirusha. Sifa yake kubwa ni kukataliwa huko. Ukiondoa dakika za vazi, kilichobaki ni cha wastani.

Cha tatu, kwa ajili yetu

Kuna kipindi kimoja ambacho orodha za Waingereza huwa hazikipi nafasi ya juu, na kwa ubora wa kawaida ziko sahihi. Lakini msomaji wa Kiswahili nitakuwa nimemnyima haki yake nisipokitaja. Ni Small Game for Big Hunters, cha Januari 1966, kilichoandikwa na Philip Levene na kuongozwa na O'Hara yuleyule wa uwanja wa ndege.

Mtu anakimbia msituni, amechanika nguo, ngoma zinalia, anaanguka na mshale mgongoni. Unadhani ni Afrika. Kumbe ni Hertfordshire, karibu na London. Amelala usingizi usioamka, na wataalamu wanataja uchawi wa Kalaya, nchi ya kubuni ya Afrika iliyotoka kupata uhuru kutoka kwa Waingereza. Uchunguzi unawafikisha kwa Kanali Rawlings, anayeigizwa na Bill Fraser. Huyu mzee hajakubali kwamba mambo yamekwisha. Amejitengenezea Kalaya yake palepale Uingereza: joto, miti, watumishi, vinywaji vya jioni, na amri zinazotolewa kwa watu wasiokuwapo. Steed anajipenyeza akijifanya mkoloni mstaafu, kofia nyeupe na kaptula, na ni moja ya sura za Macnee zinazochekesha kuliko zote. Nyuma ya uwendawazimu wa mzee kuna watu wenye akili timamu na mpango: mbung'o, na malale, ili Kalaya ipige magoti na wenyewe warudi kuitawala.

Tazama tarehe. Mfululizo ulipoanza, Januari 1961, Tanganyika bado ilikuwa chini ya Mwingereza. Kipindi hiki kinarushwa miaka mitano baadaye, Tanganyika, Uganda, Kenya na Zanzibar zote zimeshashusha bendera ile. Mtu wa aina ya Rawlings hakuwa wa kubuni kabisa kwa watazamaji wa wakati huo. Miezi miwili tu kabla, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika wasishike nchi. Levene anamcheka mzee, lakini anamcheka kwa upole, na uovu wote anauweka kwa wale wengine.

Brian Clemens alieleza baadaye, bila kuona haya, kwamba Uingereza ya The Avengers haikuwa na polisi wa sare, haikuwa na damu, na haikuwa na watu weusi, kwa sababu wangeingia hao, na uhalisia wa jamii ungeingia pamoja nao na ndoto ingevunjika. Ni kauli ya kweli kuliko alivyokusudia. Zile barabara tupu za vijijini, zile kambi zisizo na mtu ninazozisifu hapo juu, ni tupu pia kwa sababu hiyo. Napenda utupu wake na najua umetengenezwaje. Yote mawili yanakaa.

Small Game kinavunja sheria hiyo, na aliyeivunja ni Paul Danquah. Anaigiza Razafi, jasusi wa serikali ya Kalaya, anayefuatilia njama ileile kwa ajili ya nchi yake. Mtulivu, mwenye akili, hasubiri kuokolewa. Danquah alizaliwa London, alisomea sheria, na baba yake alikuwa J. B. Danquah, mmoja wa vigogo wa harakati za uhuru wa Ghana, aliyefia gerezani Nsawam Februari 1965 akiwa amewekwa kizuizini na serikali ya Nkrumah. Hata mwaka haujatimia mwanawe anaonekana kwenye televisheni ya Uingereza akiigiza mlinzi wa taifa changa la Kiafrika. Wiki chache baada ya kipindi kurushwa, Nkrumah mwenyewe akapinduliwa. Hakuna neno moja la hayo kwenye kipindi, wala halikutarajiwa, lakini mimi siwezi kumtazama Razafi bila kuyakumbuka.

Usinielewe vibaya, ngoma na uchawi wa kipindi hiki ni takataka ya kawaida ya enzi zile. Kalaya imeungwaungwa kutoka kwenye vitabu vya watoto. Na wazo la mbung'o wanaofugwa maabara ili waachiliwe linanichekesha kwa sababu nyingine. Miaka ya 1990 mbung'o walifugwa kweli kwa wingi, Tanga, madume yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, mpaka mbung'o wa kisiwa wakaisha kabisa. Levene alifikiria mtambo huohuo, akaushika kinyume.

Kwa hiyo usianze na Small Game. Kiweke cha tatu, ukiwa umeshawazoea wawili hawa na umeshaelewa mchezo wao, ili uone kinapoteleza na kinaposimama. Ukianza nacho utakasirika kabla hujapenda, na utaufunga mfululizo mzima.

Kwa wanaonunua kihalali, haki za mfululizo ziko kwa StudioCanal, na msimu huu wa nne umetoka kwenye DVD na Blu-ray ukiwa umesafishwa vizuri. Nakala za mitaani nyingi zimefifia mno, na kwa picha nyeusi na nyeupe ufifiaji ndio unaoua. Kwenye nyumba ya Jack hasa, ukikosa weusi uliokolea, nusu ya hofu imekwenda.

Na ukishavimaliza vitatu, cha nne kiwe Too Many Christmas Trees cha Desemba 1965, walau kwa ajili ya kadi moja. Steed anafungua kadi zake za Krismasi na kukuta mojawapo imetoka kwa Bi. Gale, mwenzi wake wa zamani. Imetumwa kutoka Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani, na Steed anashangaa kwa sauti Bi. Gale anafanya nini huko. Honor Blackman aliuacha mfululizo huu ili akacheze kwenye Goldfinger, picha ya James Bond ambayo watu wanaivamia Fort Knox.